Je, wajua kwa nini seli "changa" za saratani ya ubongo wa mtoto si lazima ziwe habari mbaya?

Mwaka jana jirani yetu hapa Mafinga alibisha hodi jioni akiwa na bahasha ya kaki mkononi. "Kamwene, mwalimu," akasema, kisha akanipa karatasi ya majibu ya kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe kisogoni mwa mwanawe. Ilikuwa kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi nafundisha Baiolojia, akaona nitamsaidia. Nikafika kwenye mstari uliosema kwamba seli za uvimbe ni ndogo, za mviringo, na hazijakomaa. Nilikaa kimya muda mrefu kuliko ilivyopasa, na mama akausoma uso wangu kabla sijafungua kinywa. Nikamwambia ajiandae kwa lolote.

Nilikosea. Nilichokisema ni kile nilichokuwa nimekifundisha darasani kwa miaka mingi: seli za saratani zikiwa changa, mgonjwa yuko taabani, zikiwa zimekomaa, afadhali. Kwenye saratani za watu wazima kanuni hiyo inafanya kazi kwa kiasi kikubwa. Mtaalamu wa patholojia akitazama kinyama cha titi au cha tezi dume kwenye hadubini, hupima jinsi seli zilivyofanana na zile za kawaida za kiungo hicho. Zikifanana sana, daraja la ugonjwa huwa la chini na matumaini huwa makubwa. Zikiwa hazifanani na chochote, daraja hupanda.

Kwenye ubongo wenyewe kanuni hii ina historia ya heshima. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Marekani, Percival Bailey na Harvey Cushing, walipanga uvimbe wa ubongo kwa kufuata hatua za ukuaji wa seli: kila uvimbe ulipewa nafasi kulingana na mahali ambapo seli zake zilionekana kukwama kwenye safari ya kukua, kisha wakalinganisha nafasi hiyo na muda aliouishi mgonjwa. Ilikuwa kazi kubwa, na misingi yake bado inatumika. Mwaka mmoja kabla, hao hao ndio walioupa jina uvimbe unaoitwa medulublastoma, ambao ndio aliokuwa nao mtoto wa jirani yangu. Jina hilo walilitoa kwenye seli changa waliyoamini ndiyo mzazi wa uvimbe, medulublasti. Karibu miaka 100 imepita na hakuna aliyewahi kuiona seli hiyo. Uvimbe wa ubongo hatari unaowapata watoto wengi kuliko mwingine wowote umebeba jina la seli ya kufikirika, na mimi naliona hilo kuwa jambo la ajabu sana.

Sasa tuijaribu kanuni yangu kwa magonjwa mawili.

La kwanza ni glioma (uvimbe wa seli zinazohudumia neva) ya shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Kuna aina yake ambayo kinyama chake, mara nyingine, huonekana cha upole kabisa: seli zimekaa mbalimbali, zina umbo la kueleweka, hazigawanyiki kwa fujo. Kwa macho ungeweza kuipa daraja la 2. Lakini watoto walio nayo, wengi wao, hawamalizi hata mwaka mmoja na nusu, na wanaopita miaka miwili hawafiki mmoja kati ya kumi. Ndiyo maana tangu mwaka 2016 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeiweka kwenye daraja la 4, la juu kuliko yote, hata kama sura yake ni ya upole, mradi seli zake ziwe na badiliko fulani la jeni nitakalolieleza hapo chini.

La pili ni medulublastoma. Kwenye hadubini nyingi zinafanana: bahari ya seli changa, zilizosongamana, zenye rangi ya buluu iliyokolea kutokana na dawa ya maabara. Ila tangu mwaka 2012 wataalamu wamekubaliana kwamba ndani ya sura hiyo moja kuna angalau magonjwa manne: kundi la WNT na la SHH (yaliyopewa majina ya amri za seli zilizoharibika), Kundi la 3 na Kundi la 4. Watoto wa kundi la WNT wakipata matibabu kamili, zaidi ya 90 kati ya 100 wanaishi. Kwenye Kundi la 3, hasa seli zikiwa na nakala nyingi za jeni iitwayo MYC, wanaopona mara nyingi ni chini ya nusu. Sura ni ile ile, changa vile vile. Yule wa kwanza ana nafasi nzuri kuliko watu wazima wengi wenye saratani za kawaida, na huyu wa pili yuko hatarini sana.

Kwa hiyo mstari nilioukazia macho kwenye karatasi ya jirani yangu haukuwa umeniambia chochote kuhusu mtoto wake.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Kukomaa kwa sura ni jinsi seli inavyoonekana. Kukomaa kwa kazi ni seli kupokea kazi yake ya kudumu, iwe ya neva, ya ngozi au ya misuli, na kuacha kuzaliana. Mara nyingi mambo haya huenda pamoja, ndiyo maana kanuni ya titi na tezi dume inafaa. Kwenye ubongo wa mtoto yanaweza kuachana kabisa.

Kwa sisi tunaoishi karibu na mashamba ya chai ya Mufindi, kuna njia nzuri ya kuliona hili. Mchai ukiachwa ni mti. Utapanda mita kadhaa, utatoa maua meupe, utazaa mbegu. Shamba linaonekana kama zulia kwa sababu mkono wa mchumaji unarudi kila baada ya wiki moja au mbili kuchukua chipukizi na majani yake mawili, na kila anapochuma tawi linalazimika kuchipua upya. Kichaka kinaweza kuwa na miaka 50, shina lake nene kama mguu wa mtu, na bado juu yake kuna majani ya jana. Ukikata jani moja ukalitazama hutajua umri wa kichaka. Utajua tu kwamba kuna mkono unaokirudisha utotoni.

Ubongo wa mtoto una shamba la namna hiyo. Tangu akiwa tumboni hadi karibu mwaka wa kwanza baada ya kuzaliwa, juu ya ubongo mdogo ulioko kisogoni kuna tabaka la seli changa zinazozaliana kwa kasi. Chini yake zimekaa seli kubwa zinazoitwa seli za Purkinje, na hizo hutoa protini iitwayo SHH. Kila protini hiyo inapogusa seli changa, ujumbe ni mmoja: chipua tena. Huo ndio mkono wa mchumaji. Kazi yake ni kubwa mno, maana kati ya seli za neva kama bilioni 86 zilizomo kwenye ubongo wa mtu mzima, kama bilioni 69 ziko kwenye ubongo mdogo, na nyingi mno kati ya hizo zimetoka kwenye tabaka hili. Wakati ukifika, seli inaacha kusikiliza amri hiyo, inashuka ndani, inakuwa ya neva, na haigawanyiki tena maisha yote.

Kwenye mlango wa seli changa kuna protini nyingine, PTCH1, ambayo huizuia amri isipite mpaka SHH ifike. Jeni yake ikiharibika, amri inapita bila mtoa amri. Mchumaji amekwisha kwenda nyumbani, lakini kichaka kinaendelea kuchipua kana kwamba kinachumwa kila siku. Hiyo ni njia mojawapo ya kuzaliwa kwa medulublastoma ya kundi la SHH.

Glioma ya shina la ubongo imekwama kwa namna tofauti. Uzi wa DNA umezungushwa kwenye protini zinazoitwa histoni, na kwenye histoni H3, nafasi ya 27, seli hubandika alama ndogo ya kikemia ya kufunga jeni zisizohitajika tena. Mwaka 2012 iligundulika kwamba kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu nafasi hiyo imebadilika. Kimeng'enya kinachobandika alama kinazuiwa, na alama zinapungua karibu kila mahali. Kila mwaka mwezi wa Juni na Julai, baridi inapobana huku kwetu, michai hupunguza kuchipua yenyewe hata wachumaji wakipita. Seli ya ugonjwa huu ni kama mchai usiohisi baridi. Sura yake inaweza kuwa ya mti uliotulia, ila jeni za utoto hazikufungwa. Utafiti wa mwaka 2018 uliozichunguza seli hizi moja moja ulikuta nyingi zimebaki kwenye hatua ya seli tangulizi, na zile zilizokomaa kweli ni chache. Juu ya hapo, zimepenya katikati ya nyuzi za neva zinazoendesha pumzi na kumeza, kwa hiyo hakuna daktari wa upasuaji anayeweza kuzitoa. Hapo mfano wa chai unakomea, kwa sababu kichaka hakitambai kuingia kwenye shamba la jirani.

Je, kuna mahali ambapo kukomaa kunasaidia kweli? Kupo, na ni kwa watoto wachanga. Kuna medulublastoma ya kundi la SHH ambayo kwenye hadubini ina visiwa vyeupe-vyeupe vilivyojaa seli zinazoelekea kuwa za neva halisi. Watoto wa chini ya miaka mitatu wenye aina hii huitikia vizuri sana upasuaji na dawa, mara nyingi bila mionzi, na hilo ni jambo kubwa kwa sababu mionzi kwenye ubongo wa umri huo huharibu uwezo wa kujifunza na kukua. Zimeripotiwa hata kesi za uvimbe kama huo uliogeuka baada ya matibabu ukabaki seli za neva zilizokomaa tu. Kesi hizo ni chache, na kipande cha kinyama hakionyeshi uvimbe mzima, kwa hiyo sithubutu kumwahidi mtu hilo.

Na WNT, yenye seli changa kabisa, inaponaje? Sehemu ya jibu haiko kwenye seli, iko kwenye mishipa ya damu. Mishipa ya ubongo imezibwa barabara, na dawa nyingi za saratani hupita bila kuingia kwenye tishu. Fikiria mfereji wa zege unaopita kando ya vinyungu, yaani bustani za bondeni: maji yanakwenda mbali, maharage yaliyo pembeni yanakauka. Mwaka 2016 watafiti waliotumia panya na sampuli za wagonjwa walionyesha kwamba seli za WNT hutoa protini zinazoharibu uzibaji huo. Uvimbe wenyewe unautoboa mfereji wake, na dawa inamwagika ndani. Huenda kuna sababu nyingine pia. Jaribio dogo la kuwatibu watoto wa WNT kwa upasuaji na dawa peke yake, bila mionzi kabisa, lilisimamishwa baada ya uvimbe kurudi kwa watoto kadhaa. Kwa hiyo mfereji uliotoboka hauondoi haja ya matibabu mengine.

Mama aliniuliza pia swali ambalo kila mzazi angeuliza: kama seli zimekwama utotoni, hakuna dawa ya kuzikuza? Kwenye saratani nyingine ipo. Aina moja ya saratani ya damu hutibiwa kwa dawa ya jamii ya vitamini A inayozilazimisha seli changa kukomaa, na madaktari wa Shanghai walionyesha hilo mwaka 1988. Watoto wenye nyuroblastoma hatari, saratani ya seli changa za neva nje ya ubongo, nao hupewa dawa ya jamii hiyo mwishoni mwa matibabu. Kwenye ubongo ushahidi bado ni mwembamba. Dawa za kuzima amri ya SHH zipo, lakini amri hiyo hiyo hutumiwa na mifupa ya mtoto anayekua, na kuna watoto ambao ncha za mifupa yao zilifunga kabla ya wakati, wakaacha kurefuka.

Takwimu zote za kupona nilizozitaja zimetoka kwenye nchi ambako mtoto hupata upasuaji, mionzi na dawa kwa wakati. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya 80 kati ya watoto 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi zenye kipato kidogo ni chini ya 30. Kutoka Mbeya hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Na kabla ya safari hiyo kuna wiki za kutibiwa malaria au taifodi, kwa sababu dalili huanza kimya: kichwa kuuma alfajiri, kutapika asubuhi kisha mtoto anapata nafuu, halafu kuyumba anapotembea. Mtoto mwenye hayo matatu apigwe picha ya kichwa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa jirani yangu kufuta nilichosema. Nilimweleza kwamba neno "changa" kwenye karatasi yake halitoshi, na kwamba kinyama cha mwanawe hakijatupwa: maabara hukihifadhi ndani ya nta, na kinaweza kupimwa tena hata baada ya miaka. Akaomba nimwandikie la kuuliza. Nikaandika nyuma ya kadi ya kliniki: "Uvimbe wa mwanangu ni wa kundi gani kati ya yale manne? Kama kipimo hakipo hapa, kipande kilicho kwenye nta kinaweza kutumwa wapi?"