Kabureta Moja Hailishi Silinda Moja

Mashine ya boti yenye silinda mbili ikianza kumisi (silinda kuruka mapigo), ikatetemeka na kukosa nguvu chombo kikiwa na mzigo, karibu kila nahodha anayeileta kwangu huwa ameshatoa hukumu: kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imeziba. Wengi wameshaifungua na kuisafisha ufukweni, na wapo walionunua mpya. Ninaandika kwa sababu imani hiyo inawamalizia wavuvi fedha zao na, katika hali moja nitakayoieleza, inawaulia mashine kabisa.

Tuchukue Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 15, ya mipigo miwili, ambayo watu wa pwani tunaifahamu vizuri. Ina silinda mbili zenye ujazo wa jumla wa sentimita 246 za ujazo, moja juu na nyingine chini, lakini kabureta yake ni moja. Jeti, yaani tundu dogo linalopitisha petroli ndani ya kabureta, ikiziba, silinda zote mbili hupungukiwa. Ikiwa ya juu inapiga vizuri na ya chini imelala, kabureta haiwezi kuwa mshtakiwa wa kwanza. Katika mashine ambayo kila silinda ina kabureta yake shauri ni tofauti, kwa hiyo tazameni kwanza mashine mliyo nayo.

Kuijua silinda iliyolala ni kazi fupi. Zima mashine, chomoa waya wa plagi moja (plagi ndiyo inayotoa cheche ndani ya silinda), uunganishe na chuma cha bloku, kisha washa huku maji ya kupozea yakipita. Mashine isipobadilika, silinda hiyo ndiyo iliyokuwa haipigi. Usiuache waya ukining'inia, kwa maana umeme uliokosa njia unaweza kutoboa koili inayozalisha umeme wa cheche, na cheche karibu na mvuke wa petroli ni moto. Baada ya hapo badilishana plagi za juu na chini. Ubovu ukihama pamoja na plagi, kazi imekwisha.

Kisha tunafika kwenye neno linaloniudhi zaidi: "Fundi, moto upo, nimeuona." Ameigusisha plagi na bloku, amevuta kamba, ameona cheche. Lakini cheche hiyo imeruka katika hewa ya kawaida, ilhali ndani ya silinda mchanganyiko umebanwa, na umeme unahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka nafasi ileile. Cheche dhaifu inaweza kuonekana nje na kushindwa ndani. Tumia kipimo chenye nafasi inayorekebishwa, ulinganishe silinda mbili. Kagua pia kofia za plagi, kwa kuwa chumvi huingia ndani yake na kuupa umeme njia ya kutorokea kwenye bloku. Mashine ikiwashwa gizani, mara nyingi utauona ukiruka.

Kompresheni, yaani mbano wa silinda, hupimwa plagi zote mbili zikiwa nje na mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa hadi mwisho. Silinda zikipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, ninaanza kushuku ringi za pistoni au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kifuniko cha silinda.

Ikiwa cheche na kompresheni ni nzima, jambo ambalo wasafisha kabureta hawalifikirii ni kwamba, katika mashine ya mipigo miwili, kila silinda ina chumba chake chini ya pistoni. Mchanganyiko hupita kwanza kwenye ridi vali, vilango vyembamba vinavyouruhusu kuingia na kuuzuia kurudi, ukaingia chumba hicho, ndipo ukapanda kwenye silinda. Ridi ya upande mmoja ikivunjika, au sili ya kranki (mpira unaozuia hewa kupenya kando ya mhimili unaozungushwa na pistoni) ikichoka, silinda hiyo peke yake hunyimwa petroli, ingawa kabureta ni safi. Kwa kuwa kranki ya mashine ya boti imesimama wima, sili ya juu huathiri silinda ya juu, na ya chini huathiri ya chini. Tia matone machache ya petroli yenye oili kupitia tundu la plagi, kisha washa: silinda ikipiga kwa muda mfupi na kulala tena, tatizo liko huko. Petroli ikitemwa nje kwenye mdomo wa kabureta, anza na ridi.

Hii ndiyo hali inayoua mashine. Oili husafiri pamoja na petroli, hivyo sili inayovuta hewa huipunguzia silinda vyote viwili. Joto hupanda, na pistoni hugandamana na ukuta wa silinda wakati nahodha bado anapuliza jeti.

Rangi ya plagi siitegemei kama vitabu vinavyoshauri. Mashine iliyoingia bandarini taratibu hutoa plagi inayoeleza mwendo huo wa taratibu, haielezi kilichotokea ilipokuwa imebeba mzigo. Matone ya maji kwenye plagi, hata hivyo, ni ushahidi ninaoukubali.

Na ipo koili inayofaulu kila kipimo ikiwa baridi, kisha inakata cheche ikishapata joto. Kwa koili ya namna hiyo sina kipimo cha karakana ninachokiamini. Huifunga taa ya kupimia cheche kati ya waya na plagi, tukaenda majini, na silinda inapolala ninaitazama taa kabla mashine haijapoa.