Kwa nini chatu hutapika panya aliyemmeza juzi?

Jioni umempa chatu wako panya mnono, kammeza mzima mzima. Kesho kutwa unafungua kizimba na kumkuta panya yuleyule chini, amelowa na ananuka. Wengi husema panya alikula sumu, au kuna mkono wa mtu. Mimi naanza kwa kuuliza: usiku kulikuwa na joto kiasi gani humo ndani?

Sisi tunakula posho na maharage, tunalala, na tumbo linaendelea kusaga hata kukiwa na baridi, maana mwili wa binadamu hujipasha wenyewe hadi nyuzi 37 hivi. Nyoka hana jiko hilo. Joto lake ni la mahali alipolala, na tumbo lake husaga vizuri panapokaribia nyuzi 30. Pakipoa, kazi inazorota na panya anaanza kuoza tumboni. Bora amtoe.

Waganda wengi tunadanganyika hapa. Ikweta yenyewe inapita Kayabwe, baridi itoke wapi? Lakini Entebbe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri nyuzi hushuka hadi 18 hivi. Kabale ndiyo usiseme.

Mfikirie chatu wa aina ndogo, yule anayejiviringa kama mpira akiogopa, na ambaye porini anapatikana hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Upande mmoja wa kizimba chake uwe na nyuzi 31 au 32, upande wa pili 25 au 26, na kila upande uwe na kijipango cha kujificha. Akitaka kusaga chakula atasogea kwenye joto, akichoka nalo atahama. Kipimajoto kiwekwe chini anapolala, si ukutani juu. Kifaa cha kupasha joto kisimguse, kwani nyoka anaweza kulala juu yake hadi aungue. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo husaidia kwa muda. Maji ya kunywa yawepo daima, na mfuniko ufungwe kweli kweli.

Kosa la pili ni chakula chenyewe. Panya asizidi unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Chatu mchanga hula kila wiki. Mkubwa anaweza kukaa wiki mbili, tatu, hata nne. Panya awe amekufa, kwa sababu aliye hai humng'ata nyoka vibaya. Kama alikuwa amegandishwa, ayeyuke kabisa kisha apashwe kidogo: chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na panya wa baridi huenda asimtazame. Akishameza, usimshike kwa siku mbili. Watoto wa nyumbani hapo ndipo hushindwa, wanataka kumwonyesha jirani.

Na kibali? Kumfuga bila ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, ni kosa, hata kama umemwokota shambani kwako.

Akishatapika, usikimbilie kumlisha tena kwa huruma. Rekebisha joto, mwache kama wiki mbili na maji yake, halafu mpe panya mdogo kuliko yule wa kwanza. Akitapika tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo.