Laina za chuma haziigeuzi bloku ya alumini kuwa chuma

Alhamisi kijana mmoja ameshusha bloku (mwili) ya injini ya Subaru EJ25 mlangoni pa gereji yangu hapa Ndeeba, Kampala, imefungwa kwenye gunia. "Mzee, kazi kubwa imeisha. Nimeweka laina za chuma, sasa hii ni bloku ya chuma. Nifungie tu, nataka hosipawa 700." Huyu ni wa tatu tangu mwezi uanze. Nimechoka kulieleza jambo hili mtu mmoja mmoja nikiwa na grisi mikononi, kwa hiyo naliandika. Laina ni mrija unaovikwa ndani ya tundu la silinda, pistoni ikipanda na kushuka humo.

Kwanza, EJ ilikuwa na laina za chuma tangu kiwandani. Alumini imemiminwa kuzizunguka. SR20 ya Nissan nayo ni hivyo hivyo. Kama chuma ndani ya tundu kingetosha, hakuna Subaru ambayo ingepasua gasketi. Ulichofanya ni kutoa chuma na kuweka chuma, na katikati ya kazi hiyo fundi wa lethi amekula alumini iliyokuwa inakishikilia.

Tuangalie nguvu inakwenda wapi. Tundu la EJ25 ni milimita 99.5, yaani pistoni ina eneo la karibu sentimita za mraba 78. Injini ya tabo iliyokazwa ikifikisha bar 120 ndani ya silinda, hiyo ni zaidi ya tani 9 juu ya pistoni moja. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, kila silinda inapigwa hivyo mara 58 kwa sekunde. Tani hizo zinasukuma hedi (kifuniko cha silinda) juu na krenki chini, na kwa sababu koneti rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, imeinama, pistoni nayo inausukuma ukuta wa silinda kwa ubavu. Laina inahusika na hilo la mwisho tu, tena kwa sehemu.

Sasa tazama bloku yenye deki wazi kutoka juu, deki ikiwa ni ule uso ambao hedi inakalia. Silinda zimesimama kama bilauri kwenye trei: zimeshikwa chini, juu zimezungukwa na maji. Ukizisukuma zinayumba. Kuyumba huko hakuonekani kwa macho, lakini gasketi inaona. EJ20 ina tundu la milimita 92. EJ25 ilipanuliwa hadi 99.5 ndani ya mwili ule ule, ukuta ukawa mwembamba. Ndiyo maana wazee wa Subaru wanasaka EJ22 ya tabo yenye deki iliyofungwa, na ndiyo maana nikipewa nafasi ya kuchagua kwa ajili ya mbio nachukua EJ20 kabla ya EJ25, hata wateja wakinung'unika kuhusu ujazo.

Laina zinazosaidia kweli ni zile zenye ukingo mpana juu, zinazogusana zenyewe kwa zenyewe na kugusa ukuta wa nje, zikaziba deki. Zile zinafanya kazi kwa sababu zimezuia bilauri kuyumba. Laina nyembamba iliyonyooka, ile inayochongwa kwa siku moja, haizuii chochote.

Halafu kuna suala la joto, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu halihitaji mashine, linahitaji kalamu. Alumini inatanuka takriban mara mbili ya chuma. Chukua tundu la milimita 105 linalopokea laina, ipashe bloku moto kutoka nyuzi 25 hadi 100. Tofauti ya utanukaji ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kama laina yako iliingia kwa mbano wa milimita 0.05, yaani imezidi tundu kwa kiasi hicho, kwa hesabu ya karatasi mbano umekwisha kabla hujafika kwenye mstari wa kuanzia. Kwa bahati laina yenyewe huwa na joto kuliko alumini iliyo nje yake, hivyo sehemu ya mbano inarudi. Inarudi kiasi gani kwenye injini fulani? Mimi naongeza mbano kidogo na kuangalia, nafunga, natumia, nafungua, nasoma alama. Hakuna jedwali lililowahi kunitosha. Lisilo na mjadala ni kwamba laina inahitaji kalio safi la kukalia, kisha uso wote wa deki usawazishwe kwa mashine kwa pamoja baada ya laina kuingia, bloku ikiwa imetulia na kupoa.

Kijana wangu huyu hakufanyiwa hivyo. Nilimwambia apitishe ukucha kutoka kwenye alumini kwenda kwenye laina ya silinda namba tatu. Ukucha ulidondoka. Nikaweka geji ya saa: laina imezama milimita 0.06. Akakaa kimya, akapitisha tena ukucha, mara hii akiwa amefumba macho.

Kuhusu saruji, ambayo wengine huijaza kwenye njia za maji ili kuzishikilia silinda, sitaki kusema mengi, lakini lazima. Mwaka huu nimefungua bloku ya alumini iliyojazwa saruji ya kujengea nyumba. Saruji mbichi ina magadi makali yanayoila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni. Matofali mepesi yenye vitundu hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa alumini humo makusudi ili yaumuke. Ukimimina hiyo kwenye njia za maji unapata mapovu ukutani, kisha ikikauka inasinyaa na kuachana na silinda. Kuna mchanganyiko maalum wa kujazia bloku usiosinyaa, na unamiminwa hedi bandia (bamba nene linalofungwa mahali pa hedi) ikiwa imekazwa kwa nguvu kamili, ili tundu lisipinde. Kujaza nusu kunaruhusu gari kutembea kidogo. Kujaza kote ni kwa gari la mbio fupi za mita 402 tu, linalorudi kwa kusukumwa. Na hapa nina shaka yangu: nusu inashikilia chini, wakati deki wazi inayumba juu. Inafupisha sehemu inayoyumba, ndiyo, na hilo si dogo. Lakini mafuta yanapata joto zaidi, na kwenye EJ sijaridhika kwamba faida inazidi hasara. Naijaza nikiombwa, siipendekezi.

Kuchomelea deki ili kuifunga: joto linaua ugumu ambao alumini iliupata kwa kupikwa kiwandani, na bloku inapinda. Bila tanuru la kuipika upya, acha.

Kitu ambacho hakuna anayeniuliza ni upande wa krenki. Bloku ya Subaru ni nusu mbili zilizofungwa pamoja, krenki katikati. Ikipewa nguvu nyingi nusu hizo zinasuguana. Zitenganishe uone pale karibu na makalio ya beringi: madoa ya kijivu yanayoelekea weusi, na ngozi imekuwa kama ya limau. Hapo ndipo bloku inapofia, huku mwenyewe akijisifia laina. Tiba ni pini za kuzuia kuteleza, bolti nene zaidi za kufunga nusu mbili, kisha kupitisha honi (kifaa cha kusugua na kunyoosha matundu) kwa mstari mmoja kwenye matundu yote ya krenki. Na kwa kuwa alumini inatanuka kuliko chuma cha krenki, nafasi ya mafuta kwenye beringi yenye kipenyo cha milimita 60 inaweza kuongezeka kwa hadi milimita 0.05 kwa joto. Pima bloku ikiwa baridi ukilijua hilo.

Stadi (bolti ndefu) za hedi: nyuzi zake za skrubu ziingie ndani kabisa, ziwekewe bushi za chuma zikichoka, na silinda zihoniwe hedi bandia ikiwa imefungwa. Basi.

Wanaosema alumini ni laini kwa asili yake waangalie magari ya Top Fuel ya Marekani, yale ya mbio fupi za mstari ulionyooka. Yana zaidi ya hosipawa 11,000, tangu 2008 yanakimbia futi 1,000, na bloku zake ni za alumini. Zinachongwa kutoka kipande kimoja kizima na hazina njia za maji hata moja. Laina zimo, lakini nyuma yake kuna alumini tupu isiyo na pa kuyumbia.

Bloku ya kijana iko mezani. Tumekubaliana tunatoa laina zote nne, natafuta zenye ukingo, na lengo limeshuka hadi 500. Madoa ya krenki tutayaona Jumatatu nikitenganisha nusu mbili.