Taa ya swichi ya netiweki kuwaka haimaanishi kebo iko sawa

Vyuo vingi hapa Uganda, iwe Kampala iwe Gulu, netiweki ikivutwa watu huamini hivi: chomeka kebo, taa ikiwaka kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za netiweki) basi kazi imeisha, fundi alipwe. Na inaeleweka, maana taa unaiona kwa macho na intaneti kweli inafunguka.

Ila taa inasema tu kwamba vifaa viwili vimesikilizana, mara nyingi haikuambii wazi kwa spidi gani. Ndani ya kebo kuna nyaya 8, yaani jozi 4, na spidi ya Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) inatumia jozi 2 tu, kwa hiyo hata ule waya wa kahawia ukiwa haujabanwa vizuri kwenye soketi mara nyingi taa itawaka kama kawaida, lakini giga, yaani Mbps 1000, hupati mpaka jozi zote 4 ziwe sawa.

Kukagua si lazima uwe mtu wa IT. Chomeka laptopu kwenye soketi ya ukutani, ingia settingi za netiweki uangalie spidi ya linki, kama laptopu na swichi zote ni za giga halafu inasoma 100, anza kushuku kebo au soketi. Urefu nao, mwisho ni mita 100, 90 za ukutani na 10 za kebo fupi za huku na huku. Kipande cha kebo kilichobaki, toa plastiki ukwangue waya wenyewe kwa kisu, ukiona nyeupe ndani hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba, irudishe dukani. Na jengo kwa jengo, kwa radi zetu hizi, fundi avute faiba tu, yaani kebo ya kioo inayopitisha mwanga badala ya umeme.