Gharama ya Kweli, Risiti ya Uongo

Ukitaja maadili ya kodi, watu wengi huwaza bahasha. Bahasha haina utata: ni rushwa, na TAKUKURU wapo. Linalotuumiza kichwa sisi washauri wa kodi ni jambo jingine, na kila anayenunua mzigo wa jumla Kariakoo analijua. Unaulizwa, "Na risiti au bila risiti?" Bei ni mbili, na ya bila risiti ni nafuu.

Nitumie mfano wa kampuni ya kubuni, ila ya kawaida kabisa. Imeuza mzigo wa milioni 600 kwa mwaka. Manunuzi ni milioni 480, na matumizi mengine milioni 80. Faida ni milioni 40. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo inadaiwa milioni 12. Lakini katika manunuzi yale, milioni 150 hayana risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Afisa kodi akiyakataa, faida kwenye karatasi inapanda hadi milioni 190 na kodi inakuwa milioni 57.

Hapo mteja wangu, mwenye kampuni, ananiambia, "Kaka, si unitafutie tu risiti?" Wanaoziuza wapo.

Hoja yake si ya kipuuzi. Mzigo aliununua, hela alilipa. Akiweka risiti bandia aliyoinunua, ritani, yaani taarifa yake ya kodi, itafika kwenye faida ile ile aliyoipata kweli. Akikosa, atalipia faida ambayo hakuiona. Uongo unaleta jibu sahihi, na mwenye ukweli anaumia. Vijana wanaoanza kazi hii hukwama hapa, na siwashangai.

Mimi nakataa, na sababu yangu kubwa ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Risiti ile ya milioni 150 inabeba VAT ya milioni 27, na mteja ataidai kama kodi ya manunuzi, yaani VAT aliyomlipa muuzaji, ipunguzwe kwenye VAT anayodaiwa. Nani aliipeleka TRA, kwa mamlaka ya mapato? Hakuna. Kwa hiyo aliyetaka kujiokoa tu anakuwa amechota Hazina, na ritani ina jina langu. Kanuni za maadili ya wahasibu haziniruhusu kuhusishwa na taarifa ninayojua ni ya uongo, hata kama jumla ya mwisho imetulia.

Ninachofanya ni kukusanya kilichopo: miamala ya benki na ya simu, hati za kupokelea mzigo, daftari la stoo. Huenda visitoshe, na namwambia hivyo mapema. Halafu namfanyia hesabu ambayo muuzaji hakumfanyia: manunuzi yale ya bila risiti yamemwongezea kodi ya milioni 45. Punguzo aliloshangilia dukani lilifika huko? Na kama amesajiliwa VAT, ile asilimia 18 aliyoikwepa angeidai irudi.

Sasa upande wa afisa. Naye ana bosi na lengo la makusanyo, na mwezi Juni, mwisho wa mwaka wa fedha wa serikali, ukikaribia, joto linapanda. Anaona rafu zimejaa, anajua mzigo haukushuka kutoka mbinguni. Sheria inamruhusu kukataa matumizi yasiyo na risiti. Tena Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka anayepinga makadirio aweke kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi kisichobishaniwa, kile kilicho kikubwa. Theluthi ya milioni 57 ni milioni 19. Yaani ili mteja wangu asikilizwe tu, anatoa zaidi ya kodi yake halisi yote!

Ndipo linakuja lile neno "tuelewane". Wanakaa, wanashuka hadi milioni 30, wanasaini. Hakuna aliyehongwa. Lakini hiyo 30 haikutoka kwenye vitabu wala kwenye sheria. Imetoka kwenye uwezo wa mmoja kusubiri na mwingine kushindwa. Kwangu mimi, afisa anayejua kadirio lake halisimami na bado analitumia kubana ana tatizo la maadili, hata asipotia shilingi mfukoni. Kariakoo ilipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, namna kodi inavyokusanywa ilikuwa miongoni mwa malalamiko.

Mlango mmoja wengi hawaugusi: Kamishna Mkuu wa TRA anaweza kupunguza au kusamehe hiyo theluthi kukiwa na sababu za msingi. Anaombwa kwa maandishi, vielelezo vikiambatanishwa, na usisubiri siku 30 za pingamizi zikukaribie kuisha.