Mtoto yuko kwenye kemo, homa isisubiri asubuhi

Wazazi, naomba tuongelee homa, maana kwa mtoto anayetibiwa saratani homa sio ile mliyoizoea kwa watoto wengine. Dawa za kemo zinaua seli za saratani lakini zinapiga pia uboho, kule ndani ya mifupa ambako ndo chembe nyeupe za damu zinatengenezwa, kwa hiyo mara nyingi siku 7 hadi 14 baada ya dozi kinga inakuwa imeshuka sana na hata bakteria waliozoea kuishi mdomoni au tumboni mwa mtoto mwenyewe wanaweza kuingia kwenye damu. Tena usisubiri kuona usaha, usaha unatokana na hizo hizo chembe nyeupe ambazo saa hizo hana, unaweza kukuta pale mpira wa dripu ulipoingilia pamekuwa pekundu kidogo tu na kumbe ndani hali ni mbaya.

Kipimajoto kiwepo nyumbani. Pima kwapani, usipime njia ya haja kubwa, kuchubuka kidogo tu kule kunafungulia vijidudu njia. Wodi nyingi zinatumia nyuzi 38 za Selsiasi kama kikomo, ikifika hapo ondokeni hata kama ni saa nane usiku na mtoto anacheza. Akitetemeka kwa baridi, akilegea au akipumua kwa shida, ondokeni hata bila homa. Najua mkono unakimbilia parasetamo, lakini ukiishusha homa nyumbani umeficha dalili tu na maambukizi yanaendelea. Mkifika mapokezi semeni wazi, huyu yuko kwenye kemo, dozi ya mwisho tarehe fulani, hatupangi foleni, kwa sababu antibayotiki ya mshipani inatakiwa iingie ndani ya saa 1.

Kwenye kuzuia, mikono ndo kila kitu, ya kwako, ya wageni, na ya sisi wahudumu pia, tukisahau tukumbusheni bila aibu. Mswaki uwe laini, chakula kiive vizuri, mayai mabichi hapana.

Chanjo zenye virusi hai kama surua huyu hapewi mpaka daktari wake aruhusu, ila ndugu zake wachanjwe, na kliniki muwaambie nyumbani kuna mtoto wa kemo maana polio ya matone haifai hata kwa hao ndugu. Na akicheza na mtoto mwenye tetekuwanga pigeni simu wodini siku hiyo hiyo, msisubiri vipele, dawa ya kumkinga inasaidia ikianzwa mapema.