Makamasi meusi ya Busia: maswali kuhusu moshi, mapafu na kile kibanio cha kidoleni

Foleni ya malori hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, huwa ndefu, na biashara iko pembeni yake: mahindi ya kuchoma, kuku, rolex (chapati zilizoviringishwa na mayai) za moto moto. Moshi nao uko hapo hapo, wa dizeli huku na wa mkaa kule. Maswali haya yametoka kwa watu wanaoshinda pale, wengi wao akina mama. Kiswahili chao kina Kisamia na Kiluganda ndani yake, nami nimekinyoosha kidogo tu.

Musawo (yaani daktari), mimi huchoma mahindi. Jioni nikipenga kwenye leso, makamasi yanatoka meusi kama masizi ya sufuria. Ndiyo kusema mapafu yameoza?

La, mama. Hayo meusi ya kwenye leso yamekamatwa mlangoni, kabla hayajafika kifuani. Pua imefanya kazi yake.

Ndani ya pua hewa hupita kwenye kona kali. Chembe kubwa, zenye upana wa mikromita 10 kwenda juu, haziwezi kupinda pamoja nayo. (Unywele wa kichwani una mikromita 70 hivi, upate picha.) Ni kama bodaboda aliyeingia kona kwa kasi: barabara imepinda, yeye anakwenda moja kwa moja hadi ukutani. Na ukuta wa pua umepakwa ute, kwa hiyo chembe ikigonga inanasa.

Zinazoponyoka hapo hukutana na ute mwingine kwenye mabomba ya hewa yanayoshuka kifuani. Chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo mno, havionekani kwa macho. Hupiga kasia kwa pamoja, zaidi ya mara 10 kila sekunde, vikisukuma ute kurudi juu kooni, milimita chache kwa dakika. Ukifika juu unaumeza bila kujua, au unakohoa na kuutema. Kazi hii haina sikukuu. Ute wenyewe nao una silaha: kingamwili zinazowashika vijidudu wasijibandike, na kemikali zinazotoboa ngozi za bakteria. Anayevuta sigara huvidhoofisha vinyweleo hivi, ndiyo maana kila asubuhi anakohoa: kifua kinajaribu kufanya kwa nguvu kazi ambayo kasia zimeshindwa.

Mimi nina wasiwasi zaidi na kile kisichofika kwenye leso yako. Moshi wa mkaa, wa kuni na wa dizeli umejaa chembe zilizo chini ya mikromita 2.5. Hizi ni nyepesi, zinakata kona pamoja na hewa mpaka kwenye vifuko vya hewa, ambavyo mtu mzima anavyo mamia ya milioni. Kule chini hakuna kasia tena. Kuna seli walaji, zinazotambaa ndani ya kila kifuko na kumeza kinachoingia. Wakimeza bakteria, humyeyusha. Wakimeza masizi, wanabaki nayo tumboni, kwa sababu masizi hayayeyuki. Watafiti waliochunguza seli hizi kwa watu wazima nchini Malawi waliona kwamba waliokaa na moshi mwingi nyumbani, seli zao zilikuwa na shehena kubwa zaidi ya chembe. Askari aliyebebeshwa gunia la mkaa hawezi kumkimbiza mwizi, na kichomi, yaani nimonia, kinapata njia.

Sasa tufanye nini, maana mahindi lazima yachomwe? Keti upande upepo unakotoka, hata kama wateja wako upande wa pili. Tumia mkaa mkavu. Na tuache kuwasha sigiri kwa kaveera, ile mifuko ya plastiki. Najua kaveera inashika moto haraka na ni ya bure, lakini moshi wa plastiki una sumu ambazo mkaa mtupu hauna. Maganda makavu ya mahindi unayo tele hapo miguuni.

Mwanangu ana mwaka na nusu, namfunga mgongoni nikichoma. Je, yeye?

Yeye ndiye wa kuondolewa kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa nyumbani unakaribia kuzidisha mara mbili hatari ya nimonia kwa mtoto mdogo. Akiwa na kikohozi, mvue shati akiwa ametulia, hesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima. Wa umri wake, 40 au zaidi ni kasi mno. Aliye kati ya miezi miwili na kumi na miwili, ni 50 au zaidi. Ukiona pia ngozi ya chini ya mbavu inadidimia ndani anapovuta hewa, mpeleke kituoni, usingoje kukuche. Na angalia kadi yake: chanjo ya nimokoko, bakteria wanaoleta nimonia, inatolewa Uganda tangu 2013, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Mzee mmoja hapa fundi wa kuchomelea vyuma hunywa nusu lita ya maziwa kila jioni, anasema yanasafisha kifua.

Maziwa yanakwenda tumboni. Yakienda kifuani utakuwa umepaliwa. Mwache mzee anywe, ni chakula kizuri, ila kifua hakijui kama kanywa.

Nikijifunga leso puani inasaidia?

Kwa vumbi la barabara, ndiyo, kidogo. Kwa moshi, karibu bure: mianya ya kitambaa ni mipana kwa chembe zile kama geti la kiwanja kwa panya. Barakoa zinazoitwa N95 hushika angalau asilimia 95 ya chembe za mikromita 0.3. Nazo si chandarua tu: nyuzi zake zimetiwa chaji ya umeme tuli, zinavuta chembe kama kitana cha plastiki kinavyovuta vipande vya karatasi ukishakisugua kwenye nywele. Ukiifua kwa sabuni, chaji inapotea, unabaki na kitambaa.

Nasikia Kampala wana mashine za kupima hewa. Zinaonaje kitu kisichoonekana?

Kwa mwanga. Umewahi kuona mwale wa jua ukiingia kupitia tundu la bati, vumbi likielea ndani yake? Vumbi unaliona kwa sababu linautawanya mwanga. Mashine inafanya hivyo hivyo ndani ya kisanduku: inapuliza hewa mbele ya mwale, inapima mwanga uliotawanyika, inakadiria chembe. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulianza 2015 kutengeneza vifaa vya aina hii vinavyostahimili joto na vumbi letu, vingine vikafungwa kwenye bodaboda vizunguke mjini. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembe hizi ndogo katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Kampala imeupita mpaka huo mara nyingi.

Msimu wa mvua tuliingiza sigiri chumbani, mkaa umeshaiva, hauna moshi hata kidogo. Alfajiri wote watatu tukaamka na kichwa kinagonga na kichefuchefu. Kituoni wakanibana kidole, wakasema 97, uko sawa, wakatupa dawa za malaria. Tulikuwa sawa kweli?

Hapa naomba uvumilivu, dada, kwa kuwa swali hili linaua watu.

Kile kibanio cha kidoleni, kinachokadiria asilimia ya himoglobini ya damu iliyobeba oksijeni, hutoa mianga miwili: mmoja mwekundu unaouona, mwingine usioonekana kwa jicho. Katika damu kuna himoglobini, molekuli yenye chuma inayobeba oksijeni. Ikibeba oksijeni inauachia mwanga mwekundu upite, ikiwa tupu inaunyonya. Ndiyo sababu damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa na isiyo nayo imekolea weusi. Kifaa hulinganisha mianga yote miwili inapotokea upande wa pili wa kidole, kisha kinasoma sehemu ile tu inayopanda na kushuka na mapigo ya moyo, kwa kuwa hiyo ndiyo damu inayotoka mapafuni. Akili hiyo ni ya mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na binafsi naiona moja ya akili nzuri zilizowahi kuingia hospitalini.

Lakini ina upofu wake. Mkaa ulioiva ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Molekuli hii hukaa kwenye himoglobini pale pale pa oksijeni, na hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Ubaya ni kwamba himoglobini iliyotekwa hivyo inabaki nyekundu. Kibanio kinaona wekundu, kinahesabu oksijeni, kinaandika 97, na mwili unakosa hewa. Kukosekana kwa moshi ndiko kulikowadanganya nyie, na wekundu ukakidanganya kifaa.

Kwa hiyo 97 ile haikuthibitisha kuwa mko sawa. Kilichokuwa kinasema ukweli ni kwamba watu watatu wa chumba kimoja mliamka na dalili moja asubuhi moja. Malaria haina tabia hiyo. Ikitokea, toeni watu nje kwanza, fungueni milango, kisha nendeni kituoni na maneno haya: tulilala na sigiri ndani. Kuna kipimo cha damu kinachotofautisha, na oksijeni ya barakoa huiondoa sumu hiyo haraka zaidi kuliko hewa ya kawaida.

Mambo mengine ya kibanio, kwa haraka. Vidole vya baridi hukisumbua. Rangi ya kucha nyeusi au buluu pia, na piko, kwa hiyo toa kidole kisichopakwa. Halafu kuna hili linalotuhusu zaidi: utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa watu wengi huku, 95 kwenda juu ni nzuri, chini ya 90 ni ya kuwekewa oksijeni. Lakini mtu akihema kwa shida, mwamini anayehema kuliko namba.

Mume wangu ana pumu. Anapuliza dawa mdomoni, haimsaidii, anasema ni feki.

Huenda dawa ni nzima ila inaishia kooni. Ukumbuke ile bodaboda na kona: dawa inatoka kwenye pampu kwa kasi kubwa, inagonga nyuma ya koo na kubaki hapo. Inatakiwa ipunguzwe mwendo. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, safi na kavu. Toboa kitako chake kwa waya uliotiwa moto, tundu lienee mdomo wa pampu bila kupitisha hewa pembeni, kisha usubiri harufu ya plastiki iishe. Atikise pampu, aichomeke kitakoni, afunge midomo kwenye mdomo wa chupa, abonyeze pampu mara moja tu, avute hewa polepole, kisha abane pumzi akihesabu hadi kumi. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu chupa ya namna hii kwa watoto wenye pumu, wakachapisha matokeo 1999: ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Akiendelea kubanwa baada ya hapo, aende kituoni.

Siku ile ya 97, tukitoka wakatupa karatasi ya kuweka alama kama tumeridhika na huduma. Niliweka "nimeridhika sana". Zile karatasi ni za nini?

Kwa nia yake, ni nzuri. Daktari Avedis Donabedian aliandika 1966 kwamba ubora wa matibabu utazamwe kwa mambo matatu: vifaa na watu waliopo, kazi yenyewe inavyofanyika, na hali ya mgonjwa mwishoni. Mgonjwa hawezi kujua kama dozi ilikokotolewa sawasawa. Lakini yapo mambo ambayo shahidi wake ni yeye: alisubiri muda gani, alielezwa nini, pazia lilifungwa au la. Mkataba wa haki za wagonjwa wa Wizara ya Afya ya Uganda, wa 2009, unakupa haki ya kuelezwa ugonjwa wako na matibabu yake.

Shida ni visanduku. Anayekusimamia ukijaza ndiye atakayemdunga mwanao sindano wiki ijayo, nani ataandika "sikuridhika"? Tena tunaridhika na vitu vya ajabu: mwenye mafua ya virusi akipewa antibayotiki anatoka anacheka, na aliyeambiwa ukweli kwamba hazihitajiki anatoka kanuna. Mimi mwenyewe, katika kliniki moja, nilipewa karatasi hiyo kabla sijamwona daktari. Nikaweka alama "nimeridhika", kwa sababu kalamu ilikuwa ya kuazima na mwenyewe alikuwa amesimama anaingoja.

Wakikupa tena, dada, viache visanduku. Chini kabisa huwa kuna nafasi ya maoni. Andika hapo: "Nimesubiri kuanzia saa mbili mpaka saa saba. Tulikuwa wagonjwa watatu wa chumba kimoja. Hakuna aliyetuuliza tulilala na nini."